Shakti, 1975–1978: gitaa, fidla, tabla na chungu kwenye jukwaa moja

Tarehe 5 Julai 1975, katika chuo cha Southampton huko Long Island, New York, wanamuziki watano walikaa chini wakakunja miguu na kurekodi onyesho ambalo mwaka uliofuata lilitoka kama sahani ya kwanza ya kundi la Shakti. John McLaughlin, Mwingereza wa Yorkshire, alishika gitaa lisilo la umeme. L. Shankar alipiga fidla kwa mtindo wa Karnatiki, muziki wa kale wa India Kusini. Zakir Hussain alikuwa kwenye tabla, T. H. Vinayakram, ambaye wengi humwita Vikku, kwenye ghatam, yaani chungu cha udongo, na Ramnad Raghavan kwenye mridangam, ngoma ya Kusini yenye ngozi pande mbili. Dramu hazikuwapo, wala gitaa la besi, wala kinanda. Kipande cha kwanza cha sahani hiyo kina dakika 18 na cha mwisho kinakaribia 29.

Ili kuelewa uzito wa hatua hiyo, kumbuka McLaughlin alikotoka. Mwaka 1969 alikuwa studio na Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, katika vikao vilivyoifungulia jazi mlango wa vyombo vya umeme. Mwaka 1971 aliunda Mahavishnu Orchestra, kundi lenye sauti kubwa kupita kiasi, na sahani yao ya 1973, Birds of Fire, ilifika nafasi ya 15 kwenye orodha ya Billboard. Mtu wa namna hiyo anapoketi sakafuni na chombo kinachozidiwa sauti na chungu, swali la kwanza ni kama muziki utasimama. Ulisimama, na sababu zake zinaweza kuelezwa moja baada ya nyingine. Kwa ufupi, kila upande ulikubali kuacha kitu kikubwa, na kilichowaunganisha baada ya hapo ni hesabu ya mapigo.

Jaribio lililotangulia

Shakti hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1966, London, Joe Harriott, mpiga saksafoni mzaliwa wa Jamaica, na John Mayer, mtunzi mzaliwa wa Calcutta, walitoa Indo-Jazz Suite. Walitumia makundi mawili ya watu watano watano, moja la jazi na jingine la vyombo vya Kihindi, na Mayer aliandika muziki kwenye karatasi. Kazi hiyo inastahili heshima yake. Hata hivyo, ukiisikiliza kwa makini unasikia pande mbili zikipokezana: sitari na tabla zinazungumza, kisha saksafoni, besi na dramu zinajibu. Kila upande ulibaki na zana zake zote, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kumtegemea mwenzake. Shakti walifuata njia tofauti, na tofauti hiyo inaanzia kwenye kodi.

Kodi na Sa

Jazi ya kawaida hutembea juu ya kodi, noti kadhaa zinazolia pamoja na kubadilika kwa mpangilio. Chukua bluzi ya baa 12, kila baa mapigo manne, katika E: unaanza kodi ya E, unakwenda A, unapita B, unarudi. Raga, yaani mpangilio wa noti ambao mpigaji wa Kihindi hubuni ndani yake, haiendi hivyo. Noti ya msingi, Sa, inakaa pale pale toka mwanzo hadi mwisho, tambura, chombo cha nyuzi cha kushikilia mlio, inaipiga bila kukatika, na kila noti nyingine hupata maana kwa umbali wake kutoka kwenye Sa.

Sasa ziweke pamoja. E inaendelea kulia chini. Kodi ya E haileti shida. Ya A pia haileti shida, kwa kuwa E ni noti ya tano ya A. Ugomvi unaanza kwenye B. Ndani yake kuna D#, na D# iko nusu toni tu chini ya ile E isiyonyamaza. Sikio linakereka, na aliyelelewa kwenye raga anahisi amenyang'anywa ardhi aliyosimamia. Makundi mengi huponya jambo hili kwa kuinyamazisha tambura wakati kodi zinapita, kisha kuirudisha. Kinachopatikana ni vitambaa viwili vilivyoungwa kwa mshono unaoonekana.

McLaughlin aliamua kukaa kwenye Sa. Hilo liliwezekana kwa sababu jazi yenyewe ilikuwa imekwisha kufungua njia: tangu 1959 Miles Davis, na baada yake mpiga saksafoni John Coltrane, walikuwa wakibuni kwa muda mrefu juu ya skeli moja badala ya kukimbizana na kodi. Coltrane aliupenda muziki wa India kiasi cha kumpa mwanawe jina Ravi kwa heshima ya mpiga sitari Ravi Shankar. McLaughlin alitoka katika shule hiyo, kisha akaenda mbali zaidi kwa kujifunza vina, chombo cha nyuzi cha India Kusini, kwa S. Ramanathan katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, Connecticut, mahali ambapo L. Shankar naye alikuwa akisoma. Ndani ya Shakti kodi hazikufutwa kabisa, lakini mara nyingi zinakaa ndani ya noti za raga na kazi yake ni kupaka rangi. Mzigo wa wimbo unabebwa na gitaa na fidla zikienda noti kwa noti, pamoja.

Wahindi nao waliacha vitu vyao, na hili husahaulika kwa urahisi. Zakir Hussain, mwana wa Alla Rakha, alilelewa katika Hindustani, muziki wa Kaskazini. Shankar, Vinayakram na Raghavan walikuwa wa Karnatiki. Mifumo hiyo miwili ina raga zake, majina yake ya mizunguko na adabu zake za jukwaani, na wapigaji wake kwa kawaida hawakukaa mkeka mmoja. Zaidi ya hayo, katika onyesho la Karnatiki mwimbaji ndiye kiongozi, fidla inamfuata, mridangam inashika mapigo, na ghatam ni msaidizi wa msaidizi. Raghavan alipoondoka baada ya sahani ya kwanza, chungu kilibaki bega kwa bega na tabla, bila mkubwa juu yake. Kwa maoni yetu daraja kati ya Kaskazini na Kusini ya India lilikuwa gumu kujengwa kuliko lile la India na jazi, na ndilo lililoupa muziki wao nguvu.

Gitaa lililochongwa upya

Gitaa la kawaida lina kasoro mbili likitakiwa kupiga raga. Ya kwanza ni freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza ubao wa vidole. Zimepangwa kwa mgawanyo sawa wa nusu toni 12, na noti ya tatu kubwa inaangukia senti 400 (nusu toni moja ni senti 100) juu ya Sa, ilhali noti hiyo ikikaa safi kabisa juu ya tambura iko senti 386. Tofauti ya senti 14 inasikika wazi mlio wa msingi ukiwa haukatiki. Ya pili ni kuteleza: noti ya Kihindi mara nyingi haitulii, inapanda, inashuka, inatikiswa. Vina ina freti ndefu zilizosimikwa kwenye nta, hivyo uzi unaweza kuvutwa mbali. Kwenye gitaa ncha ya kidole inakwama kwenye ubao.

Gitaa la Shakti, lililotengenezwa na fundi Abraham Wechter wa kampuni ya magitaa ya Gibson kwa msingi wa modeli ya J-200, lilijibu yote mawili. Ubao wa vidole ulichongwa mabonde kati ya freti, kidole kikawa hakigusi mbao, na uzi ukaweza kuvutwa pembeni au kukandamizwa chini ili noti ipande kidogo kidogo. Kisha ziliongezwa nyuzi 7 zilizopita kwa mshazari juu ya tundu la gitaa, chini ya zile 6 za kawaida. Nyuzi hizo hulinganishwa na noti za raga inayopigwa, na hutoa mlio kwa namna mbili: zinaitika zenyewe gitaa linapopigwa, na mpigaji anaweza kuzikwaruza kama tambura yake binafsi.

Anayetaka kuiga gitaa hilo ajue gharama yake. Nyuzi 7 zaidi zinauvuta uso wa gitaa, na gitaa la dukani halikutengenezwa kubeba mvuto huo. Uso utavimba au daraja litang'oka. Ubao wenye mabonde unadai mkono mwepesi, kwa kuwa ukikandamiza kwa nguvu uliyozoea kila noti inapanda na kodi zote zinatoka nje. Na kila raga inapobadilika nyuzi 7 lazima zilinganishwe upya. Panga vipande vya onyesho kwa kufuata raga zinazokaribiana, la sivyo wasikilizaji watakaa dakika nzima wakisikiliza funguo zikizungushwa.

Fidla haikuhitaji fundi. Karnatiki iliichukua kutoka kwa Wazungu mwanzoni mwa karne ya 19, kupitia Baluswami Dikshitar, ikaigeuza: mpigaji anakaa chini, kichwa cha fidla kinaegemea mguu wa kulia, mwili wake unategemea kifua, na mkono wa kushoto, uliopumzishwa kubeba chombo, uko huru kuteleza urefu wote wa uzi. Nyuzi zake zinafungwa Sa na Pa (noti ya tano kutoka Sa), chini na juu. Masikio yaliyozoea fidla ya taarabu yatakuta mwendo wa noti tofauti kabisa.

Chungu ndicho kinachoamua

Wasikilizaji wa taarabu ya Mombasa, hasa ile ya Juma Bhalo iliyochota nyimbo za Kihindi, wanaijua tabla kama ngoma ya mwendo. Katika kundi la namna ya Shakti, tabla ni ngoma na pia ni noti. Duara jeusi katikati ya ngozi, linalotengenezwa kwa unga wa chuma uliochanganywa na uji wa wanga na kupakwa tabaka kwa tabaka, linafanya ngozi itoe mlio wenye noti moja iliyo wazi. C. V. Raman, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1930, alichapisha na mwenzake uchunguzi wa jambo hilo mwaka 1920. Ngoma ya kawaida ikiwa nje ya noti hakuna anayejua. Dayan, ile ndogo ya mkono wa kulia, ikiwa nje, kundi zima linasikika limetoka nje.

Dayan moja inaweza kusogezwa nusu toni mbili au tatu, basi. Mabadiliko makubwa hufanywa kwa kushusha au kupandisha vipande 8 vya mti vilivyobanwa chini ya mikanda. Madogo kwa kugonga msuko wa ukingoni na nyundo ndogo, chini ili kukaza, juu ili kulegeza, ukizunguka duara lote ili pande zote ziwe sawa. Kwa hiyo mpigaji hubeba dayan kadhaa. Ghatam ni kali zaidi. Imekwisha chomwa tanuruni, noti yake ni ile iliyozaliwa nayo, na kubandika udongo laini au plastisini kwa ndani kunaisogeza kidogo sana. Mpigaji wa ghatam huja na vyungu vingi, kila kimoja na Sa yake.

Utaratibu wa kulinganisha unafuata hapo hapo: chungu kwanza, kisha tambura au nyuzi za kuitika, kisha dayan, mwisho gitaa na fidla. Makundi mengi huanza na gitaa kwa kuwa lina mashine ya kulinganishia, kisha yanagundua dakika tano kabla ya onyesho kwamba chungu kipo robo toni pembeni na hakuna la kufanya ila kulegeza kila kitu upya. Taa za jukwaani nazo hukausha ngozi na dayan inapanda, unyevu unaishusha. Ilinganishwe mara ya mwisho jukwaani taa zikiwa zimewaka. Kuilinganisha chumbani ni kazi bure.

Hesabu

Hapa ndipo moyo wa kisa ulipo. Mzunguko wa mapigo unaitwa tala. Tintal ya Kaskazini ina mapigo 16, manne mara nne. Pigo la kwanza linaitwa sam, na la 9 ni khali, pigo tupu. Adi tala ya Kusini ina 8: kofi, kidole cha mwisho, cha pete, cha kati, kofi, geuza kiganja, kofi, geuza kiganja. Bluzi ya baa 12 ina mapigo 48, ambayo ni tintal 3 au Adi 6 kamili. Mizunguko yenyewe, basi, haigombani.

Kisichokuwamo katika jazi ni namna ya kufunga. Kaskazini inaitwa tihai, Kusini mora: sentensi moja inarudiwa mara tatu na silabi ya mwisho inatua juu ya sam. Chukua sentensi ya tano, ta di gi na tom, na pumziko la pigo moja katikati. Tano, moja, tano, moja, tano: jumla 17. Ukianza kwenye sam ya tintal, tom ya tatu inatua kwenye sam inayofuata. Ukiipiga kwa kasi mara mbili, unaanza kwenye pigo la 9. Kwa kasi mara nne, unaanza kwenye la 13. Sentensi ni ile ile, mahali pa kuingilia ndipo panapobadilika. Ukiondoa mapumziko yote mawili jumla inakuwa 15, na kwa kasi ya kwanza unaanza pigo la 3.

Kosa la kawaida ni kumeza pumziko moja. Tom inaangukia pigo la 16, na kwa kuwa wote wanaelekea sam, kosa hilo haliwezi kufichwa. Mpiga jazi aliyezoea kuhesabu baa za mapigo manne hupotea kwa namna nyingine: sentensi za tano zinamvuta aamini kuwa pigo la kwanza limehama, naye analihama pamoja nazo. Dawa yake ni ya kizamani: mkono upige tala bila kubadilika, mdomo useme sentensi, na gitaa libaki kwenye kasha mpaka vitu hivyo viwili vipatane. Kusini sanaa hiyo ya kusema mapigo inaitwa konnakol. Tatu ni ta ki ta, nne ni ta ka di mi, saba ni ta ki ta ta ka di mi. Kwenye sahani ya pili, A Handful of Beauty, kuna kipande kinachoanza kwa konnakol mdomoni kabla ya vyombo kuingia, na ni mlango mzuri kwa anayeanza kusikiliza.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mpiga jazi lazima aliache, nalo ni suingi, ule mtindo wa kugawa pigo nusu ndefu na nusu fupi. Tihai kwa kasi mara mbili inagawa pigo nusu mbili sawasawa. Mmoja akipiga kwa suingi, nusu ya pili inachelewa, na kati ya noti 17 zinazotakiwa kuwa za watu wote, nane zinasikika maradufu. Mwendo wa Shakti ni wa migao sawa. Wapenzi wa jazi waliolalamika kwamba jazi haisikiki humo, kwa sehemu walikuwa wakiikosa suingi. Jazi imejificha kwingine: katika kubuni papo hapo, katika bluzi inayopenya kwenye noti za gitaa, na katika kusikilizana.

Pahali pamoja mila zilikutana bila kusukumwa. Jazi ina desturi ya kupokezana baa nne nne, na Karnatiki ina kuraippu: wapiga ngoma wanapokezana vipande vya mizunguko minane, kisha minne, miwili, mmoja, kila mara wakipunguza kwa nusu, mpaka wanafikia kupiga pamoja. McLaughlin na Shankar walikuwa na cha kusema humo tangu siku ya kwanza. Mtego ni kwamba katika jazi unajibu wazo la mwenzako, na katika kuraippu unajibu wazo lake huku urefu ukipungua kwa hesabu. Asiyehesabu ataendelea kuzungumza wakati zamu imekwisha.

Sauti jukwaani

Bila besi, sehemu ya chini ya muziki inabebwa na bayan, ngoma kubwa ya mkono wa kushoto, ambayo noti yake huteleza mpigaji anaposukuma kisigino cha kiganja, na mdomo wa ghatam unapobanwa na kuachiwa tumboni. Fundi mitambo asiyejua hili hupunguza sauti za chini ili kuzuia mvumo, na kundi linabaki limeelea. Tabla zipewe maikrofoni mbili, moja kwa kila ngoma. Ghatam moja, isielekezwe mdomoni moja kwa moja kwa sababu pumzi ya chungu itapiga kelele. Gitaa lenye tundu na nyuzi za kuitika ndilo litakaloanza kupiga mluzi kwenye spika. Ni salama zaidi kupunguza sauti za jukwaani na kukaa karibu, umbali wa mkono, kuliko kuongeza.

Palipolegea

Sahani tatu zilitoka kati ya 1976 na 1977. Katika ya tatu, Natural Elements, hakuna kipande kinachopita dakika 8, na kule kupanda taratibu kwa onyesho la 1975 hakumo. Hakuna hata moja iliyouza kama Mahavishnu. Mwaka 1978 kundi lilikuwa limekoma.

Udhaifu wa kimuziki upo na ni vizuri uelezwe. Hesabu ikiwa ndiyo kiungo, kasi inakuwa kishawishi, kwa sababu tihai ya kasi inashangiliwa na alap, ule utangulizi wa raga usio na mapigo, wa pole pole, haishangiliwi. Kuna dakika katika rekodi zao ambapo gitaa na fidla zinakimbia pamoja kwa ustadi wa ajabu na raga haijasema chochote. Vipande vyao vifupi vya utulivu vina raga zaidi.

Jina lilirudi 1997 kama Remember Shakti, kwanza na filimbi ya Hariprasad Chaurasia, kisha na U. Srinivas, aliyepiga mandolini ya umeme hadi kifo chake mwaka 2014. McLaughlin naye alirudi kwenye gitaa la umeme, na uwiano wa awali ukabadilika: nyuzi zingeweza sasa kuzizidi ngoma. V. Selvaganesh, mwana wa Vinayakram, alichukua nafasi ya baba yake, na Shankar Mahadevan akaleta sauti ya kuimba. Sahani ya 2023, This Moment, yenye fidla ya Ganesh Rajagopalan, ilipata Grammy Februari 2024. Zakir Hussain alifariki tarehe 15 Desemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 73.

Mwimbaji alipoingia, utaratibu wa kulinganisha uligeuka. Sa ikawa ya koo lake, na chungu kikalazimika kuchaguliwa kumfuata. Selvaganesh ana nafuu hapo, kwa kuwa anapiga pia kanjira, ngoma ndogo ya mkononi inayolowekwa maji kidogo kwa ndani ili ngozi ilegee na kutoa mlio mzito wa chini, nayo haina noti ya kudumu inayoweza kugombana na mwimbaji.